Nani Alitoa Kibali? Miji ya Jirani Zetu na Sheria Zinazokumbukwa Baada ya Maafa



Mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka 2024, Serikali ya Kenya iliwaamuru wananchi waishio kandokando ya mito, pamoja na wale waishio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 za nchi hiyo, wahame katika muda wa saa 24. Mvua za masika za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kuua watu wapatao 200. Siku chache kabla ya amri hiyo, tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli yalipasua njia na kuwashukia watu wa Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, usiku wakiwa wamelala, yakaua zaidi ya 50. Baraza la Mawaziri liliagiza majeshi na Vijana wa Huduma kwa Taifa washiriki katika kuwahamisha watu. Haikupita muda, matingatinga yakaingia katika vitongoji vya Mathare na Mukuru, jijini Nairobi, na kuvisawazisha vibanda vilivyojengwa ukingoni mwa mto.

Ninyi ndugu askari mnaotusikiliza makambini na vituoni, picha hiyo hamhitaji kuelezwa. Mbele wako polisi na marungu na ngao zao. Nyuma yao lipo tingatinga linanguruma. Kati ya hao wawili yuko mama aliyebeba godoro kichwani, mtoto mgongoni, na sufuria mkononi, akiuliza aende wapi. Mama huyo hamwoni aliyeandika amri. Anamwona askari. Matusi yake, machozi yake, na pengine jiwe la kijana wake, vyote humwangukia yule aliyevaa sare, ambaye asubuhi ile alipangiwa zamu tu kama alivyopangiwa jana kulinda benki.

Mazungumzo yetu ya leo hayakusudii kubisha kwamba watu wale walipaswa kuondoka. Mto ukifurika haungoji kesi iamuliwe, na serikali inayowaacha watu wake wafe maji haina sifa ya kuitwa serikali. Tunalouliza ni jambo jingine. Sheria iliyotumika mwezi ule wa Mei haikutungwa mwezi ule. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya Kenya ni ya mwaka 1999. Vibanda vile havikuota usiku mmoja kama uyoga, na maghorofa yaliyo karibu navyo ndiyo kabisa, kwa kuwa ghorofa huchukua mwaka mzima au zaidi kupanda, mchana kweupe, kwa lori za mchanga na saruji zinazopita mbele ya ofisi za serikali. Je, wenye kazi ya kuyazuia walikuwa wapi?

Kwanza yafaa tueleze sheria zenyewe zinavyokwenda, maana bila ya kuzielewa mtu aweza kudhani kwamba Kenya haina sheria. Ukweli ni kwamba inazo, tena nyingi mno. Katiba yao ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Katiba hiyo hiyo iliziweka kazi za mipango na maendeleo ya ardhi mikononi mwa kaunti 47, ambazo magavana wake wa kwanza walichaguliwa mwaka 2013. Anayetaka kujenga anapaswa kwenda kaunti kupata idhini ya ramani yake, na kama anataka kugeuza kiwanja cha makazi kuwa cha biashara au kiwanda, aombe kibali cha kubadili matumizi ya ardhi. Mradi ukiwa mkubwa au wa hatari, inambidi afanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupewa leseni na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo wenyewe huiita NEMA. Mambo ya mito yana mamlaka nyingine ya rasilimali za maji. Wakandarasi nao wana mamlaka yao. Kila ofisi ina muhuri wake, na kila muhuri una foleni yake.

Hapo ndipo mwanya unapopatikana. Jengo likianguka, au mto ukiingia sebuleni, kaunti husema kwamba leseni ya mazingira ilitolewa na NEMA. NEMA husema kwamba kukagua ujenzi ni kazi ya kaunti. Watu wa maji husema kwamba hakuna aliyewaita waje kuonyesha ukingo wa mto uko wapi. Wote watatu husema kweli, kwa kipande, na mwananchi aliyefiwa hubaki akizungushwa kutoka mlango hadi mlango.

Isitoshe, hata huo ukingo wa mto haukuwahi kuwa na kipimo kimoja. Kanuni za kilimo za tangu zamani zilimzuia mkulima asilime karibu na kijito kwa kipimo kinachoanzia mita 2. Kanuni za ugawaji wa viwanja za mwaka 1998 zikataja mita 10. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zikasema mita zisizopungua 6 wala kuzidi 30, zikipimwa kutoka mahali maji ya gharika yalipopata kufika. Mwenye kiwanja akiwa na wakili hodari alichagua kipimo kilichomfaa. Mwenye kibanda, ambaye hana wakili, alichaguliwa kipimo na tingatinga. Mwaka 2024, baada ya watu kufa, kilichotajwa na viongozi kilikuwa mita 30.

Nairobi ni mji ambao historia yake imo ndani ya maji. Ulianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, mahali penye kinamasi, na jina lake lenyewe latokana na maneno ya Kimasai yanayotaja maji baridi. Wakoloni waliugawa kwa rangi za watu: vilima vyenye hewa nzuri vikawa vya Wazungu, na mabonde yakaachiwa Waafrika. Mpango mkuu wa mwaka 1948 uliutaja mji huo waziwazi kuwa ni makao makuu ya koloni. Baada ya Uhuru ulitengenezwa mpango wa kukuza jiji wa mwaka 1973, uliokusudiwa kulifikisha hadi mwaka 2000. Mwaka 2000 ulipofika mpango ukaisha, na jiji likakua kwa miaka mingi bila ya mwongozo mpya, hadi ulipokuja mwingine mwaka 2014. Katika muda huo wote watu waliendelea kuzaliwa na wengine wakaendelea kuja kutoka mashambani kutafuta kazi, na pale ambapo ramani haikuwa imechora chochote, walijichorea wenyewe, au walichorewa na matajiri wa vyumba vya kupangisha.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto huko Huruma liliporomoka na kuua watu karibu 50. Wanajeshi na vikosi vya uokoaji vya Kenya vilifanya kazi ya kusifiwa: mtoto mchanga alitolewa hai baada ya siku tatu na ushei, na mwanamke mmoja alitolewa hai baada ya siku sita. Baadaye ikaelezwa na wakuu wenyewe kwamba jengo lile lilijengwa bila ya idhini, na kwamba lilikuwa tayari katika orodha ya majengo yanayotakiwa kubomolewa. Orodha ilikuwepo, na wapangaji walikuwepo. Kodi iliendelea kulipwa kila mwezi katika jengo ambalo ofisi ilijua kwamba halifai kukaliwa na watu. Rais wa wakati huo, Ndugu Uhuru Kenyatta, akaamuru mwenye jengo akamatwe, naye akapatikana. Hilo lilistahili. Lakini orodha ile ilitunzwa na mtu mwenye mshahara na meza, na kumtafuta huyo hakukuhitaji mbwa wa polisi.

Miaka miwili baadaye zamu ikawafikia matajiri, na hapa lazima tuwe waadilifu tuseme kwamba Kenya ilifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mwezi wa Agosti 2018 matingatinga yaliangusha kituo cha mafuta huko Kileleshwa, kisha jumba la maduka la South End kwenye barabara ya Langata, na sehemu ya jumba jingine huko Westlands. Ilitangazwa kwamba majengo zaidi ya 4,000 yalikuwa yameingia katika kingo za mito na hifadhi za barabara. Kabwela wa Nairobi walipiga vigelegele, kwa kuwa walizoea kuona tingatinga likishuka bondeni tu. Lakini wenye baadhi ya majumba yale walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakipepea makaratasi. Walikuwa na idhini za ramani. Walikuwa na risiti za kodi za ardhi walizolipa miaka yote kwa jiji lile lile lililokuja kuwavunjia. Kama karatasi zile zilikuwa za kughushi, basi aliyeghushi alistahili kushtakiwa. Kama zilikuwa halali, basi aliyezitoa alikuwa amegawa mto. Katika hali zote mbili ilipasa ofisa fulani aitwe ajieleze, na badala yake macho yote yaliangalia zege linavyoanguka. Baada ya miezi michache moto ule ukapoa. Wenyeji wa Nairobi wana neno lao kwa askari wa jiji, huwaita kanjo, na wanajua kwamba kanjo anayemkimbiza muuza mahindi ya kuchoma ni yule yule anayepita chini ya ghorofa lisilo na kibali bila ya kuinua macho. Wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi.

Ndugu zetu wa Jeshi la Ulinzi huenda wakasema: wangepewa wanajeshi kazi hiyo, ingekwisha. Kenya ilijaribu hata hilo. Mwezi wa Machi 2020, baada ya kaunti ya Nairobi kukabidhi kazi zake nne kwa Serikali Kuu, mipango na maendeleo ya jiji ikiwa mojawapo, Meja Jenerali Mohammed Badi aliwekwa kuongoza idara mpya ya huduma za jiji. Idara hiyo iliendelea hadi baada ya uchaguzi wa mwaka 2022. Visima vilichimbwa, na njia za waenda kwa miguu zikatengenezwa katikati ya jiji. Nidhamu ya kijeshi ni kitu chema, na hapana mtu wa Nairobi aliyesema kwamba njia zile hakuziona. Lakini mafuriko ya mwaka 2024 yalipokuja, mto uliwakuta watu palepale ulipowaacha. Kazi ya kuzuia ujenzi mbaya haifanani na operesheni. Ni kazi ya kila siku, ya karani mwaminifu na mkaguzi mwenye viatu vya matope, anayekwenda kwenye msingi kabla ya zege kumwagwa na kusema hapana, kisha anarudi kesho yake kuona kama hapana yake imeheshimiwa.

Sasa tuvuke mpaka mwingine. Nchini Uganda, tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka baada ya mvua na kuzifukia nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 30 walikufa. Dampo hilo lilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya taka za jiji la Kampala, lakini lipo nje ya mipaka ya jiji, katika wilaya ya Wakiso. Wasikilizaji wazingatie jambo hili, maana ndilo linaloeleza mengi: taka zilikuwa za Kampala, ardhi iliyozunguka ilikuwa ya utawala mwingine, na nyumba zilizojengwa pale chini hazikuwa na baba wala mama. Kampala ililundika, Wakiso ikaacha watu wajenge, na lundo likawa mlima. Kila mmoja alikuwa na sheria ndogo zake kabatini.

Rais Yoweri Museveni aliuliza baada ya maafa hayo: ni nani aliyewaruhusu watu kuishi karibu na lundo la hatari kama lile? Lilikuwa swali zuri sana, ingawa lilikuja baada ya mazishi. Mwezi wa Septemba mwaka ule alimwachisha kazi Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Jiji la Kampala, pamoja na naibu wake na mkurugenzi wa afya, nao baadaye wakakamatwa na kufikishwa mahakamani. Hatusemi kwamba wana hatia; hilo ni la hakimu. Tunasema tu kwamba mara hii, kinyume cha desturi ya eneo letu lote, ngazi ilipandwa kuelekea juu.

Uganda hiyo hiyo ina kidonda kingine kikubwa zaidi, nacho ni vinamasi. Katiba yao ya mwaka 1995 inasema kwamba ardhi oevu iko mikononi mwa dola kwa amana ya wananchi wote. Hata hivyo hati za kumiliki viwanja ndani ya vinamasi ziliendelea kutolewa, na ofisi za serikali ndizo zilizokuwa zikizitoa, hadi mwaka 2014 Baraza la Mawaziri lilipoamua kwamba hati zilizotolewa baada ya Katiba hiyo zifutwe. Fikirini, ndugu wasikilizaji: serikali inakaa kikao kufuta mihuri yake yenyewe. Miaka 10 baada ya uamuzi huo, mwaka 2024, wakazi wa kinamasi cha Lubigi kandokando ya Kampala walikuwa wakiondolewa kwa nguvu, askari wakiwa mstari wa mbele kama kawaida.

Rwanda ilishika njia tofauti kidogo. Huko Kigali ilianza kuvihamisha viwanda na maghala yaliyokuwa katika kinamasi cha Gikondo, yakapelekwa katika eneo maalumu la uchumi, na kinamasi cha Nyandungu kikarudishiwa majani na ndege wake, kikafunguliwa kuwa bustani ya umma mwaka 2022. Huko nako wamekuwapo wananchi waliolalamika kwamba fidia haikutosha, au kwamba walipewa nyumba badala ya fedha walizotaka. Malalamiko hayo yana uzito wake. Lakini mtu wa kawaida hukubali kwa urahisi zaidi kuhamishwa bondeni akiona kwamba kiwanda kilichokuwa jirani yake kimemtangulia kuondoka.

Wala sisi Watanzania hatuna pa kujificha katika hadithi hii. Kipimo chetu ni kimoja na kiko wazi: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinataja mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua hali ya bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu juu ya mapaa, na Desemba 2015 nyumba zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubomolewa, nyingine zikiwa zimeunganishwa umeme na maji na mashirika ya umma, na wenyewe wakionyesha risiti za kodi ya majengo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, katikati kabisa ya biashara ya nchi, likaua watu wapatao 30. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumejenga kuta nyingi.

Turudi basi kwa askari, maana mazungumzo haya ni yake. Sheria za nchi ya jirani zimemwekea kinga ambayo mara nyingi haambiwi. Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Ardhi mwaka 2016 na kuweka utaratibu wa kuwaondoa watu waliokaa mahali isivyo halali. Inatakiwa notisi ya muda wa miezi mitatu. Siku ya kazi maofisa wenye amri wawepo wenyewe, wajitambulishe, na waonyeshe idhini iliyoandikwa. Utu wa watu uheshimiwe, wanawake, watoto, wazee na walemavu walindwe, na nguvu isizidi kiasi kinachohitajika. Mtu akizisoma sheria hizo na kuzilinganisha na zile saa 24 za mwaka 2024, ataona tofauti. Watetezi wa amri ile watasema kwamba ilikuwa dharura, na kweli maji yalikuwa mlangoni. Lakini miezi mitatu kabla ya masika ni mwezi wa Desemba au Januari, wakati kalenda inapojulikana na kila mtu, na wataalamu wa hali ya hewa walikuwa kazini. Dharura ikija kila mwaka, katika bonde lile lile, huwa imebadilika jina. Sasa ni uzembe uliopewa muhuri.

Kisa cha kijiji cha Mitumba kinafaa kusomwa katika vyuo vyetu vya polisi. Kijiji hicho kilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na hoja ya kukiondoa haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu ndege zilipita juu yake zikitua. Wanakijiji walikwenda mahakamani na wakapata amri ya kuzuia wasiondolewe mpaka kesi isikilizwe. Mwezi wa Novemba 2011 nyumba zao zilibomolewa hivyo hivyo, amri ya mahakama ikiwa hai. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu iliyowapa wanakijiji haki, ikieleza kwamba hata mtu asiye na hati ya ardhi ya umma anaweza kupata haki ya kulindwa makazi yake. Zaidi ya miaka tisa ilikuwa imepita. Askari waliosimama pale mwaka 2011 pengine hawakuambiwa kabisa kwamba mahakama ilikuwa imesema. Lakini askari akiuliza tu, kabla ya kupanda gari, kama kuna kesi na kama kuna amri, hatakuwa amevunja nidhamu. Mkuu wa kituo mwenye kumbukumbu nzuri huandika jibu la swali hilo katika kitabu chake cha matukio, pamoja na jina la aliyelijibu.

Upo upande wa pili wa jambo hili, ambao huzungumzwa kwa nadra: siku ambazo askari hutumwa kuwanyamazisha wale wanaoidai sheria. Mfano wake uko Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, huko Mikindani. Mnamo mwaka 2007 kilianza kazi pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilikuwa ukutani mwa nyumba za watu. Moshi wake uliingia madirishani, na maji yake machafu yalipita uani ambako watoto walicheza. Risasi, kwa wale wasiojua, ni sumu inayoingia mwilini polepole: humdumaza mtoto akili, humharibu figo, na mama mjamzito huweza kupoteza mimba. Hakuna mpango wa mji wenye akili timamu unaoweka tanuri la namna hiyo katikati ya makazi. Lakini karatasi zilipatikana, na pale ambapo hazikupatikana kwanza, kazi ilianza bila hizo.

Mama mmoja aliyeajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, Bibi Phyllis Omido, alibaini kwamba mtoto wake alikuwa mgonjwa kwa sumu hiyo, akaacha kazi na kuanza kuandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine. Barua zilipokelewa. Yeye na majirani zake wakaandamana. Mwaka 2012 polisi walimkamata, akashtakiwa kwa kuchochea vurugu na kukusanyika kinyume cha sheria, na mahakama ikamwachia huru. Kwa hiyo katika kitongoji kile kile, katika miaka ile ile, kulikuwa na pande mbili: kiwanda kilichotoa sumu na wananchi waliolalamika. Gari la polisi lilikwenda kwa wananchi.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa watu wa Owino Uhuru, wapatao 3,000, fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Jaji hakuubebesha mzigo wote wenye kiwanda. Aliugawa, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, likaangukia Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira yenyewe, iliyoundwa kuzuia jambo kama lile; wizara za serikali na mamlaka iliyosimamia eneo la viwanda zikapata mafungu yao pia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Bibi Omido alikuwa amekwisha kupewa tuzo ya kimataifa ya Goldman kwa kazi ile ile aliyokamatiwa, na ilikuwa imetimia miaka 12 tangu polisi walipomchukua.